Jengo Kama Korongo

Katika mwaka wangu wa pili wa masomo ya usanifu majengo tulipewa kazi ya kubuni maktaba ndogo ya watoto, ukingoni mwa kinamasi kimoja nje kidogo ya Kampala. Sharti lilikuwa moja: dhana ya jengo itokane na maumbile. Nilifurahi. Sikuhangaika kutafuta, nilimwendea korongo taji, ndege aliye katikati ya bendera yetu, aliyeinua mguu mmoja. Nilimchora kwa kumtazama kutoka juu. Bawa la kushoto likawa chumba cha kusomea, bawa la kulia likawa rafu za vitabu, mwili ukawa ukumbi wa hadithi, shingo ikawa ushoroba, na lile taji la manyoya ya dhahabu likawa paa la kibaraza. Kwa wiki tatu nilikata makaratasi magumu na kuyabandika kwa gundi mpaka vidole vikakakamaa.

Siku ya kutetea kazi, mhadhiri mmoja aliizunguka modeli yangu mara mbili kisha akauliza, "Mtoto anayetoka shule ataingia kwa mdomo au kwa mkia?" Darasa zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikidhani ni utani. Lakini aliendelea. Mvua inayonyesha juu ya mabawa haya itateremkia wapi? Jua la saa kumi litaingilia dirisha gani? Kwa nini mtoto atembee shingo nzima ya ndege kufuata kitabu kimoja? Nilijikuta nina jibu moja tu kwa maswali yote: kwa sababu ni korongo.

Jioni ileile nilikuwa na kipindi cha Kiswahili, ambacho baadhi yetu tunakisoma baada ya masomo ya mchana. Mwalimu alikuwa akifundisha tamathali za semi. Alituambia kuwa tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama, mithili ya au mfano wa, ilhali sitiari huliacha neno hilo la kulinganisha na kusema kitu kimoja ndicho kingine. Akatoa mfano wa tashbihi: Juma ana mbio kama swala. Kisha akauliza ni nini kinachowaunganisha Juma na swala. Tukajibu kwa sauti moja kuwa ni mbio. "Je, kuna anayesema Juma ana pembe kama swala?" Hakuna.

Hapo ndipo nilipoielewa modeli yangu. Mimi nilichukua pembe za swala nikaziacha mbio zake.

Katika tahakiki hii nataka kutumia darasa lile la jioni kuyasoma majengo yanayosemekana kutokana na maumbile, na kuisoma kazi yangu mwenyewe pamoja nayo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuuliza kuhusu fani na maudhui ya riwaya au shairi. Sioni sababu ya kutoliuliza jengo swali hilohilo. Hoja yangu ni kuwa kosa la wanafunzi wengi wa usanifu, nikiwemo mimi, si kuyafuata maumbile. Kosa ni kuchukua umbo la kiumbe bila kuuliza kiumbe huyo anafanya nini na anaishi wapi.

Nianze na jengo ambalo kwa macho ya haraka linafanana na kosa langu. Ni Hekalu la Yungiyungi la Wabahai mjini New Delhi, India, lililokamilika mwaka 1986 kwa ramani ya msanifu Fariborz Sahba. Lina petali 27 za zege zilizofunikwa kwa marumaru nyeupe, zimepangwa katika pande 9, na limezungukwa na madimbwi 9 ya maji. Sijafika Delhi, nimelisoma kwa picha na michoro. Ukilitazama kwa mbali ni ua linaloanza kuchanua. Basi kuna tofauti gani kati ya ua lile na korongo wangu?

Tofauti ya kwanza ni kuwa ua lile lina kiungo na mahali pake. Nchini India yungiyungi ni alama ya usafi inayoheshimiwa na wafuasi wa dini zaidi ya moja, na nyumba ile ilikusudiwa kumkaribisha mtu wa imani yoyote. Umbo linabeba ujumbe ambao wanaoingia wanaujua tayari. Tofauti ya pili ni madimbwi. Ua la majini lisingekamilika bila maji, lakini maji yale hayakuwekwa kwa ajili ya picha peke yake. Hewa inayopita juu yake hupoa kabla ya kuingia ndani, nayo hewa ya moto hutoka juu. Hapo tashbihi imepata mbio zake.

Sisi wa Kampala tunacho kipimo kingine. Juu ya kilima cha Kikaya kuna hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961. Nalo lina pande 9, kwa kuwa tisa ni sharti la nyumba zao zote za ibada. Lakini halina ua. Kumbe ua la Delhi halikuwa lazima; lilichaguliwa kwa ajili ya Delhi. Ningelichukua yungiyungi lile na kulipanda Kikaya, lingekuwa zuri machoni, ila lingekuwa limeng'olewa penye maana yake. Mwanafunzi anayenakili ua la Delhi kwa sababu limependeza katika kitabu anarudi palepale kwenye pembe za swala.

Jengo la pili ni Eastgate, la mjini Harare, Zimbabwe. Lilifunguliwa mwaka 1996, ni la maduka na ofisi, na msanifu wake ni Mick Pearce akishirikiana na wahandisi wa kampuni ya Arup. Kila mwanafunzi wa usanifu Afrika Mashariki amewahi kuambiwa kuwa Eastgate ni kichuguu cha mchwa. Lakini ukiitazama picha yake huoni kichuguu. Unaona majengo mawili marefu yaliyo sambamba, uwazi katikati ulioezekwa kwa kioo, na msururu wa madohani ya matofali juu ya paa. Neno kama halipo. Hii ndiyo sitiari: mchwa wameingia ndani ya jengo wakapotea machoni.

Pearce hakuuliza kichuguu kinafananaje. Aliuliza kinawezaje kuwahifadhi wakazi wake bila mashine. Jibu alilolipata lilihusu uzito wa ukuta na mwendo wa hewa. Usiku, Harare inapopoa, feni huvuta hewa baridi na kuipitisha katika nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu za zege. Zege hupoa. Mchana hewa hupita palepale na kupoa kabla ya kuingia ofisini, na hewa iliyochoka hupanda na kutokea kwenye madohani. Hivyo jengo kubwa la katikati ya mji likaweza kufanya kazi bila mitambo ya kawaida ya viyoyozi.

Hata hivyo, mhakiki asiishie kwenye sifa. Wakati Eastgate inabuniwa, maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba joto la mchwa hupanda ndani ya kichuguu na kuvuta hewa safi kutoka chini, na kwamba kwa njia hiyo mchwa hudhibiti joto la makao yao. Baadaye watafiti Scott Turner na Rupert Soar, waliochunguza vichuguu kusini mwa Afrika, walionyesha mwaka 2008 kuwa mambo si rahisi hivyo. Kichuguu walichokiona kilifanya kazi zaidi kama mapafu: upepo wa nje ukibadilika, hewa ndani huchanganyika na mchwa wakapata pumzi. Joto la makao yao, kwa upande wake, lilifuata joto la udongo uliowazunguka. Kwa maneno mengine, jengo maarufu kuliko yote la kuiga mchwa lilitokana na kuwaelewa mchwa nusunusu.

Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilishtuka, kisha likanifundisha. Kiswahili hutumia neno dhana kwa lile wazo la msingi tunalodaiwa na wahadhiri. Kitenzi chake ni kudhani. Dhana, basi, ni jambo ulilolidhani, bado hujalijua. Eastgate ilisimama hata baada ya habari ya mchwa kutikisika, kwa sababu Pearce na wahandisi wake hawakuwaachia mchwa kazi ya kuthibitisha. Walipima usiku wa Harare, uzito wa zege na nguvu ya feni. Mchwa waliwapa swali, na mahali pakawapa jibu.

Ndiyo maana pia Eastgate haiwezi kuhamishiwa Kampala kama mzigo. Harare ina usiku wenye baridi, hasa majira ya kipupwe, na mchana wa jua kali. Tofauti hiyo ndiyo inayoliendesha jengo. Kwetu, karibu na ziwa, usiku haupoi kiasi hicho na hewa ina unyevu. Mwenzangu mmoja aliwasilisha ofisi yenye madohani kumi na mawili, akaandika juu ya mchoro kuwa ni kichuguu. Alipoulizwa hewa ya saa nane usiku hapa Kampala ina joto kiasi gani hakujua. Sitiari ya Pearce imegeuka tena tashbihi: jengo la mwenzangu ni kama jengo la Pearce, ambalo ni kama kichuguu.

Jengo la tatu liko karibu nasi kiasi kwamba hatulihesabu. Ni makaburi ya makabaka kilimani Kasubi. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, ilijengwa mwaka 1882 kama jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza, na alipofariki mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Sasa wamelala humo makabaka wanne. UNESCO iliuweka mlima huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 2010 nyumba hiyo iliteketea kwa moto, na mwaka huohuo Kasubi ikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilitolewa humo mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya kujenga upya.

Ukiuliza Kasubi inafanana na nini, utasema labda kilima, au kichuguu, au nyasi zilizolala. Hakuna jibu moja, kwa kuwa swali lenyewe si lake. Kasubi haiigi maumbile, imetengenezwa nayo. Paa ni la nyasi zinazoshuka mpaka karibu na ardhi. Ndani, chini ya paa, zipo pete 52 zinazowakilisha koo 52 za Baganda. Nyuma ya pazia la kitambaa cha magome kuna sehemu ambayo watu wa kawaida hawaingii. Inaitwa Kibira, yaani msitu. Kabaka hasemwi kuwa amekufa. Husemwa kuwa ameingia msituni. Hapo msitu hauna hata mti mmoja, wala hapana aliyechora majani ukutani. Kuna giza, pazia lililotokana na mti wa mutuba, na ukimya. Hiyo ndiyo maudhui, nayo fani haiwezi kutenganishwa nayo.

Tena jengo hilo halikomei ukutani. Paa la nyasi linahitaji nyasi ziote mahali fulani. Kitambaa cha magome kinahitaji miti ya mutuba ihifadhiwe hai ili ichunwe tena. Kuezeka ni kazi waliyokabidhiwa watu wa ukoo wa Ngeye, nao wanahitaji vijana wa kuwarithisha ujuzi. Ndiyo sababu moto wa 2010 haukuwa wa kuzimwa kwa fedha peke yake. Ilibidi nyasi zipatikane na mikono inayozijua ipatikane. Sehemu kubwa ya kilima, ambacho kina karibu hekta 27, imebaki kuwa shamba. Ukiondoa shamba na koo, unabaki na kibanda kikubwa.

Sisemi haya ili kuifanya Kasubi kuwa ngano ya kale isiyoguswa. Katika ukarabati wa mwaka 1938 ziliingizwa nguzo za zege, zikafichwa ndani ya vifaa vya asili. Kwa hiyo anayedhani kuwa kufuata maumbile ni kukataa zege hajaitazama Kasubi kwa karibu. Swali lake ni gumu zaidi: je, jengo hili likisimama, vitu vilivyolizaa vitaendelea kuishi?

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye korongo wangu.

Baada ya kushindwa kutetea kazi nilipewa wiki nne kuirudia. Nikarudi kiwanjani, safari hii bila kamera. Nilimkuta bibi mmoja akikata mafunjo ya kusukia mikeka, kama alivyokuwa akifanya siku zote, ila mara ya kwanza sikumwona kwa sababu nilikuwa nikipiga picha. Nilimsalimu, nikamweleza kwa Kiganda kuwa tunabuni maktaba ya watoto mahali pale, na kuwa mimi nilikuwa nimeichora kwa umbo la ngaali, maana ndivyo korongo taji anavyoitwa kwetu.

"Mtaijenga wapi, mjukuu wangu?" aliuliza.

"Hapohapo unapokata, Jajja. Watamwaga kifusi kwanza."

Alicheka kidogo, akaendelea kukata. "Basi huyo ngaali wenu wa simenti atakuwa amekalia kiota cha ngaali wangu."

Ilinibidi nikasome. Ni kweli kuwa korongo taji hujenga kiota katika majani ya kinamasi, na kuwa ametajwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, moja ya sababu ikiwa kupotea kwa maeneo oevu. Yaani mchoro wangu wa kumtukuza korongo ulianza kwa kumwaga kifusi juu ya makao yake. Mhadhiri alikuwa ameona kuwa jengo halina mlango. Jajja aliona kuwa halina haki.

Niliuweka kando mkasi, nikafanya mambo machache ambayo sasa ningemshauri mwanafunzi mwenzangu ayafanye kabla ya kununua karatasi. Kwanza nilikwenda kiwanjani asubuhi, mchana na jioni, na siku moja nilikwenda mvua ikinyesha. Pili, nilijikataza kutumia nomino. Badala ya kuandika dhana yangu ni korongo, au dhana yangu ni funjo, niliandika kwa vitenzi: mahali hapa kuna mmea unaosimama majini bila kuoza, unaopunguza kasi ya maji, unaochuja uchafu, unaoinama upepo ukija kisha ukainuka. Tatu, nilianza na mchoro wa jengo lililokatwa wima, unaoonyesha maji, hewa na jua vinapita wapi. Mchoro wa kutoka juu nikauacha hadi mwisho, maana ndio unaotushawishi kuchora ndege. Nne, nilijipa mtihani: nikilifuta jina la mmea kwenye karatasi, je, kila ukuta bado una sababu ya kuwepo?

Kutokana na hayo jengo lilihama. Lilipanda hadi ardhi kavu kando ya barabara, likawa dogo kuliko lilivyotakiwa, kwa kuwa ardhi kavu ni ndogo. Maji ya paa yaliteremka kwa mfereji mpana wenye ngazi, uliopandwa mafunjo, ili yafike kinamasini polepole na yakiwa yamechujwa. Chumba cha kusomea kilitazama kinamasi, kwa madirisha ya urefu wa mtoto aliyeketi. Kwenye maji hakuna kilichokwenda ila njia nyembamba ya mbao juu ya nguzo, yenye upana wa mtu mmoja aliyebeba mzigo wa mafunjo. Hakuna mahali ambapo ungemwona korongo.

Nilikwenda kutetea kazi nikiwa na majibu ya mvua, jua na mlango. Yote yaliulizwa na yote nikayajibu. Kisha mhadhiri yuleyule akaitazama modeli kwa muda na kusema, "Sasa kila kitu kina sababu. Lakini mtoto akipita barabarani, ni nini kitakachomfanya atamani kuingia?" Safari hii hakuna aliyecheka. Jengo langu lilifanana na ghala la mahindi. Nilifaulu kwa alama za kawaida.

Niliudhika kwa siku kadhaa, maana niliona nimeonewa: nilipoleta sura niliambiwa sina sababu, na nilipoleta sababu nikaambiwa sina sura. Lakini leo nadhani alikuwa na haki mara zote mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa fani isiyo na maudhui. Ya pili ilikuwa maudhui yaliyokataa kuvaa nguo. Tunapohakiki shairi hatulisamehi kwa sababu tu mafunzo yake ni mema. Tunauliza pia kama linaimbika. Mtoto wa miaka saba haendi maktaba kwa ajili ya mfereji unaochuja maji. Anakwenda kwa sababu kuna kitu kimemvuta, na huenda korongo wa kwanza, pamoja na upumbavu wake wote, angemvuta zaidi.

Kwa hiyo sihitimishi kuwa umbo ni dhambi. Delhi inaonyesha kuwa umbo lenye kiungo na mahali pake linaweza kubeba maana. Harare inaonyesha kuwa swali zuri linaweza kuzaa jengo zuri hata kama kiumbe kilichotupa swali hatukukielewa chote, mradi tupime. Na Kasubi inaonyesha kuwa yote mawili yanaweza kukaa chini ya paa moja: mgeni anayeingia pale haambiwi habari za nyasi, koo na msitu kwa maandishi. Paa linamwinamisha kichwa mlangoni, na giza la ndani linafanya lililobaki.

Mwaka huu tumepewa kazi nyingine, kituo cha mabasi, na sharti la maumbile limerudi. Wenzangu wawili wamekwisha anza kuchora jongoo. Sijawacheka. Nimewauliza tu jongoo anafanya nini akinyeshewa.